Rutshuru: Kwa nini mbabula ya udongo inapasuka mapema, na namna tabaka la katikati linavyoiokoa

Katika nyumba nyingi za Kiwanja, Rubare na Rutshuru-centre, siku haianzi mpaka mbabula iwake. Makala yanapangwa, kipande cha karatasi kinawashwa chini, mtoto anapewa kifuniko cha sufuria apepee. Baada ya muda maharagi yanachemka, na makala yanaanza kupungua kwenye mfuko ulio pembeni ya mlango.

Wenye mbabula ya tole tupu wanajua jinsi yanavyoisha upesi. Joto linatoka ubavuni, miguu ya mpishi inaungua, na sehemu kubwa ya moto inapasha hewa ya uwanja badala ya kupasha sufuria. Ndiyo maana kwa miaka mingi sasa, Goma na Rutshuru, watu wamekuwa wakihimizwa kununua mbabula ya kuokoa makala, ile yenye chungu cha udongo uliochomwa ndani na ganda la tole nje.

Mbabula hiyo ni nzuri, lakini ina adui mmoja, naye ni ufa. Unaanza kama unywele, kwenye ukingo wa juu au kando ya tundu la hewa. Mwezi unaofuata unaweza kupitisha ncha ya kisu. Siku moja kipande kinadondoka ndani ya majivu, na pesa ya kununua nyingine haipo. Mama anarudi kwenye mbabula ya tole, na mfuko wa makala unarudi kuisha haraka kama zamani.

Wengi wanasema udongo ulikuwa mbaya, au fundi aliharakisha. Wakati mwingine ni kweli. Lakini hata udongo mzuri uliochomwa vizuri unaweza kupasuka kama umeunganishwa vibaya na chuma kilicho nje yake. Wataalamu wa injini za ndege na vyombo vya anga za juu wamehangaika na jambo hilo hilo kwa miaka mingi, na dawa waliyoipata inaweza kumsaidia pia fundi wa mbabula wa Kiwanja.

Hasara si ya mfuko tu

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme nyumba moja inatumia mfuko mmoja wa makala kwa mwezi katika mbabula ya tole. Kwa mbabula yenye chungu kizuri cha udongo, vipimo vingi vilivyofanywa Afrika Mashariki vimeonyesha kwamba makala yanaweza kupungua kwa theluthi moja, na pengine zaidi. Tukichukua theluthi moja, kila baada ya miezi mitatu nyumba hiyo inabakiza bei ya mfuko mzima. Kwa mwaka ni mifuko minne.

Lakini hesabu hiyo inasimama tu kama mbabula inadumu. Ikipasuka baada ya miezi miwili, akiba yote inamezwa na bei ya kununua nyingine. Mteja aliyepata hasara mara moja hasahau, na jirani zake wanasikia.

Kuna hasara nyingine iliyo nje ya nyumba. Sehemu kubwa ya makala yanayouzwa Goma na Rutshuru yametoka kwa miaka mingi katika misitu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1979. Biashara ya makala imegharimu miti, imelisha makundi yenye silaha, na walinzi wa hifadhi wamepoteza maisha wakilinda misitu hiyo. Ndiyo sababu mwaka 2007 shirika la WWF lilianzisha mradi wa EcoMakala, wa kusaidia wakulima wa Kivu ya Kaskazini kupanda miti ya makala katika mashamba yao wenyewe. Mbabula za kuokoa makala zimehimizwa sambamba na kazi hiyo.

Umeme nao umefika. Mtambo wa Matebe, hapa Rutshuru, ulizinduliwa mwisho wa mwaka 2015 na una uwezo wa zaidi ya megawati 13. Hata hivyo, familia nyingi bado zinapika kwa makala, kwa sababu ya bei, kwa sababu nyaya hazijafika, au kwa sababu vita viliwahamisha mara nyingi mno wasiweze kununua jiko la umeme. Kwao, mbabula isiyopasuka ni msaada wa leo.

Ukuta mmoja wenye hali mbili

Ili kuelewa ufa, tuanze na jambo ambalo kila mtu ameliona: kitu kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinarudi. Hatulioni kwa macho kwa sababu ni kidogo sana, lakini nguvu yake ni kubwa.

Makala mekundu katikati ya mbabula yanaweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Upande wa ndani wa chungu unapata joto hilo mara moja. Upande wa nje bado ni baridi, kwa sababu udongo haupitishi joto upesi. Kwa hiyo ukuta mmoja, wenye unene wa vidole viwili au vitatu, unakuwa na hali mbili kwa wakati mmoja. Ndani unataka kutanuka, nje haujawa tayari.

Upande wa ndani unasukuma, upande wa nje unavutwa. Hapa ndipo udhaifu wa udongo uliochomwa unapojitokeza. Ukiubana, unavumilia sana, na ndiyo maana ukuta wa matofali unabeba nyumba. Ukiuvuta, unakatika mapema, kwa sababu ndani yake kuna vitundu na mikwaruzo midogo ambayo ni mwanzo wa nyufa. Hivyo, moto unapowashwa kwa nguvu na kwa ghafla, ufa mara nyingi unaanzia nje, mahali ambapo mpishi hawezi kuona kwa sababu tole limefunika.

Kinyume chake hutokea mtu anapomwaga maji kwenye mbabula ya moto ili kuzima makala na kuyatunza kwa kesho. Upande wa ndani unapoa ghafla na kujikunja, wakati katikati ya ukuta bado ni moto. Sasa ni ndani kunakovutwa, na ufa unaanzia ndani.

Wataalamu wanauita huu mkazo wa joto. Hakuna aliyeigonga mbabula wala kuidondosha. Joto peke yake limeivuta mpaka imekatika.

Chuma na udongo havitanuki sawa

Tatizo la pili liko pale udongo unapokutana na chuma.

Chukua kipande cha chuma chenye urefu wa sentimita 30 na kigae cha udongo uliochomwa chenye urefu huo huo. Vipashe vyote viwili mpaka joto lake lizidi lile la mwanzo kwa nyuzi 300. Chuma kitarefuka kwa milimita 1 hivi. Kigae kitarefuka kwa karibu nusu ya hiyo. Tofauti ni nusu milimita tu, lakini vitu hivyo viwili vikiwa vimefungwa pamoja, nusu milimita hiyo lazima ipate pa kwenda. Isipopata, kimoja kinapinda au kingine kinapasuka, na ni nadra chuma kuwa cha kwanza kupasuka.

Katika mbabula mambo yanachanganyika zaidi. Moto ukiwashwa, chungu kinatanuka kwanza wakati tole bado ni baridi, na tole linakibana. Baadaye tole nalo linapata joto na kutanuka, na chungu kinalegea. Moto ukiisha, tole, ambalo ni jembamba, linapoa upesi na kurudi, wakati chungu kinene bado ni moto. Linakibana tena. Mchezo huo unarudiwa asubuhi na jioni, mara 700 hivi kwa mwaka katika nyumba inayopika mara mbili kwa siku.

Kama tole lingekibana chungu sawasawa kila mahali, pengine kisingepasuka, kwa maana udongo unavumilia kubanwa. Lakini chungu kilichofinyangwa kwa mkono hakiwi duara kamili, na tole lililokunjwa kwa nyundo lina mabonde yake. Vinagusana kwenye nukta chache tu. Nguvu yote inakusanyika kwenye nukta hizo, na hapo ufa unazaliwa.

Uzito wa sufuria na mkono wa mpishi

Mbali na joto, kuna nguvu za kawaida za jikoni. Sufuria ya maharagi iliyojaa ina kilo nyingi. Kusonga bugali ni kazi nyingine: mpishi anakaza sufuria kwa miguu au kwa mti, anasukuma mwiko kwa mabega yote mawili, na kila msukumo unapita kwenye vishikio vya sufuria mpaka kwenye ukingo wa chungu. Kama chungu kimelegea ndani ya tole, kinatikisika, kinagonga, na ufa uliokuwa umelala unaamka.

Kabla ya hapo kuna safari. Mbabula iliyotengenezwa Goma na kuuzwa Rutshuru inapita njia ya taifa namba 2 kwa kilomita 70 hivi, Kibumba, Rugari, mpaka Kiwanja, juu ya gari lililojaa au kwenye chukudu. Kila shimo la njia ni pigo dogo kwenye udongo.

Kwa hiyo fundi ana maadui wawili, mkazo wa joto na mkazo wa nguvu. Akiongeza unene wa chungu ili kizuie nguvu, tofauti ya joto kati ya ndani na nje inakuwa kubwa zaidi. Akikipunguza unene ili joto lipite, kinavunjika kwa uzito. Unene peke yake hauwezi kumaliza kesi hii.

Jiko la Kenya na tabaka lake

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi na wataalamu nchini Kenya walitengeneza jiko linalojulikana leo karibu Afrika Mashariki yote. Walichukua wazo kutoka Thailand, ambako watu walikuwa tayari wanapikia jiko lenye umbo la ndoo, lenye chungu cha udongo ndani na bati nje. Watu wa Thailand hawakuweka udongo moja kwa moja juu ya bati. Katikati waliacha nafasi, wakaijaza majivu ya maganda ya mchele. Majivu hayo yanazuia joto lisitoke, na kwa kuwa ni laini, yanaacha udongo na bati vitanuke kila kimoja kwa namna yake.

Jiko la Kenya lilibadilishwa kulingana na sufuria na upishi wa huko. Lilipewa umbo la kiuno katikati, pana juu na pana chini ili lisianguke mtu anaposonga. Chungu cha udongo kikawekwa sehemu ya juu tu, mahali penye moto. Na kati ya chungu na bati likawekwa tabaka la sima iliyochanganywa na vemikulaiti, madini mepesi yanayofura yakipata moto na kubaki na hewa nyingi ndani.

Tabaka hilo linafanya kazi tatu. Linashika chungu kisitikisike. Linajaza mabonde yote, ili kubana kuenee kila upande badala ya kukaa kwenye nukta chache. Na kwa kuwa ni laini kuliko udongo uliochomwa, na gumu kuliko hewa, linameza sehemu ya ile nusu milimita.

Fundi anayeweka sima tupu, kavu na ngumu, anapata kazi ya kwanza na ya pili lakini anakosa ya tatu. Amefunga udongo ndani ya jiwe. Asiyeweka chochote anakosa zote tatu.

Kutoka mbabula mpaka anga za juu

Mwaka 1984, watafiti huko Japani walikuwa wanafikiria chombo cha kwenda anga za juu na kurudi. Ngozi yake ilitakiwa kuvumilia joto la karibu nyuzi 1,700 upande wa nje, huku upande wa ndani ukiwa chini yake kwa nyuzi 1,000, yote katika unene usiofika sentimita moja. Chuma kingeyeyuka. Seramiki, ambayo ni ndugu wa chungu chetu, ingevumilia moto lakini ingepasuka. Kugandisha seramiki juu ya chuma kulileta shida ile ile ya mbabula: vitu viwili visivyotanuka sawa vinaachana pale vinapokutana.

Jibu lao lilikuwa kuondoa mpaka wenyewe. Badala ya kuwa na seramiki hapa, chuma pale, na mstari mkali katikati, walitengeneza ukuta unaobadilika polepole. Nje ni seramiki tupu. Ukiingia ndani kidogo, ni seramiki nyingi na chuma kidogo. Katikati ni nusu kwa nusu. Ukiendelea, chuma kinazidi, mpaka upande wa pili ni chuma kitupu. Kwa kuwa hakuna mahali ambapo tabia inaruka ghafla, hakuna mahali ambapo mkazo wote unakusanyika. Tofauti ya kutanuka imegawanywa katika hatua nyingi ndogo, na kila hatua inabeba sehemu yake.

Japani iliufanya utafiti huo kuwa mradi wa taifa kuanzia mwaka 1987, na mwaka 1990 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana katika mji wa Sendai kuzungumza juu yake. Tunaweza kuziita materia za mpito wa taratibu.

Leo wazo hilo na ndugu zake linatumika sehemu nyingi. Mapanga ya ndani ya injini ya ndege yanapitiwa na hewa yenye joto linaloweza kuyeyusha chuma chake. Yanavikwa koti jembamba la seramiki, lisilofika milimita moja katika sehemu nyingi, na chini ya koti hilo kuna tabaka jingine la kati linalolishika kwenye chuma. Madaktari wa mifupa na meno nao wanatumia vipandikizi vya chuma ambavyo uso wake umefanywa ufanane na mfupa, ili mwili na chuma visigombane.

Muanzi, jino na chukudu

Wajapani walilipa jambo hili jina, lakini maumbile yalikuwa nalo zamani.

Kata muanzi, ule unaoota kwenye miteremko ya volkano zetu, utazame ulipokatwa. Karibu na ganda la nje, nyuzi ngumu zimesongamana. Kadiri unavyoingia ndani, zinapungua, na nyama laini inaongezeka. Upepo ukiuinamisha, mkazo mkubwa unakuwa upande wa nje, na huko ndiko nyuzi nyingi zilikowekwa. Hakuna mstari unaotenganisha kigumu na laini.

Jino lako pia liko hivyo. Juu kuna ganda gumu sana, linaloweza kusaga mahindi ya kuchoma. Chini yake kuna sehemu laini kidogo inayomeza pigo. Zinakutana katika ukanda ambamo ugumu unashuka polepole, na ndiyo maana ganda halibanduki ingawa unatafuna moto na baridi kwa miaka mingi.

Na chukudu? Yule aliyekuwa wa kwanza kufunga mpira wa tairi kuzunguka gurudumu la mti hakusoma kitabu cha mikazo. Aliona tu kwamba mti mgumu ukigonga jiwe la volkano, mti unapasuka. Akaweka kitu laini kati ya kigumu na kigumu. Gurudumu likadumu, na chukudu ikaendelea kushuka na kabichi za Kibumba mpaka Goma, ambako mwaka 2009 ilisimamishiwa hata sanamu.

Fundi anaweza kujaribu nini

Hakuna fundi wa Rutshuru atakayenunua mashine ya kunyunyizia seramiki. Lakini kanuni haihitaji mashine. Inataka ukuta wa chungu usiwe wa namna moja kutoka ndani mpaka nje, na usikutane na tole ghafla.

Upande wa ndani, unaogusa makala na kubeba sufuria, uwe wa udongo mzito uliofinyangwa vizuri na kuchanganywa na vigae vilivyosagwa. Vigae hivyo vilikwisha kupita motoni mara moja, kwa hiyo havijikunji tena, na vinazuia ufa mdogo usikimbie mbali.

Tabaka linalofuata liwe la udongo ule ule, lakini uongezwe kitu kinachoungua wakati wa kuchoma na kuacha vitundu: unga wa mbao, maganda ya mchele, au maganda ya kahawa, ambayo Rutshuru haijakosa. Tabaka la nje liwe na vitundu vingi zaidi. Mawe mepesi ya volkano yaliyosagwa na kuchungwa yanaweza pia kujaribiwa, kwa sababu yana hewa ndani na yamekwisha kupita moto mkubwa.

Faida ni hii. Udongo mzito wa ndani unapitisha joto vizuri, kwa hiyo ukuta wake wote unapata joto lililo karibu sawa na haujivuti sana. Tofauti kubwa ya joto inahamia kwenye tabaka lenye vitundu. Hilo ni dhaifu, lakini pia ni laini. Linapinda kidogo kabla ya kupasuka, na ufa ukianza, unakutana na kitundu na kusimama. Zaidi ya hayo, joto linabaki kwenye sufuria.

Nje kabisa, kati ya chungu na tole, pawekwe mchanganyiko mwepesi: sima kidogo na kitu chenye hewa, kama mawe mepesi ya volkano yaliyosagwa. Sima isiwe nyingi. Kazi yake ni kushika chembe zisimwagike, na ikizidi inageuza tabaka lote kuwa jiwe.

Hapa kuna mtego ambao wafinyanzi wanaujua. Udongo ukikauka na kuchomwa unajikunja, na udongo wenye unga wa mbao haujikunji sawa na udongo mtupu. Ukiruka kutoka udongo mtupu mpaka mchanganyiko wenye unga mwingi, tabaka zitaachana hata kabla ya kufika kwa mteja. Utakuwa umetengeneza ufa kwa mikono yako. Lazima hatua ziwe ndogo.

Njia ya kupima ni rahisi. Kwa kila mchanganyiko, tengeneza kipande kama biskuti ndefu, kwaruza mstari wa sentimita 10 juu yake ukiwa mbichi, kikaushe, kichome, kisha pima mstari tena. Kama mchanganyiko mmoja umebaki na sentimita 9.3 na mwingine 9.2, vinaweza kukaa jirani. Kama mmoja ni 9.4 na mwingine 8.8, weka mwingine wa kati, au punguza unga. Tabaka zote ziunganishwe zikiwa bado na unyevu ule ule, zikwaruzwe kabla ya kubandikwa, na chungu kikauke kivulini kwa siku nyingi, si juani.

Kabla ya kuuza, afadhali fundi avunje chungu kimoja kuliko wateja kumi wavunjikiwe. Achukue kimoja katika kila tanuru, akiwashe na kukipoza mara 20 au 30, akiweka alama kila ufa unapotokea. Akifanya hivyo kwa chungu cha zamani na cha tabaka tatu, ataona mwenyewe kama kazi ya ziada inalipa. Udongo wa Kiwanja si udongo wa Rugari, na kipimo kizuri cha mahali pamoja kinaweza kushindwa mahali pengine.

Na nyumbani je?

Aliyekwisha kununua mbabula hawezi kubadilisha tabaka zake, lakini anaweza kupunguza mkazo.

Mbabula mpya isiwashwe kwa moto mkubwa siku ya kwanza. Ianze na makala machache, ipoe yenyewe, kesho yake iongezwe. Unyevu uliobaki ndani ya udongo ukigeuka mvuke kwa ghafla unapasua ukuta kutoka ndani. Hapa methali ya haraka haraka haina baraka ni sheria ya moto kabisa.

Makala ya kubaki yasizimwe kwa maji ndani ya mbabula. Yatolewe kwa koleo na kufunikwa kwenye bati au nyungu ya zamani mpaka yafe kwa kukosa hewa. Mbabula isiachwe mvuani, kwa sababu udongo unanywa maji na shida ile ile ya mvuke inarudi. Sufuria iwekwe taratibu, isitupwe. Na wakati wa kusonga bugali, kama sufuria ni kubwa, ni vizuri kuishusha chini au kuishika kwa mti, ili mabega ya mpishi yasimalizie nguvu kwenye ukingo wa chungu.

Ufa mwembamba unaosimama mahali pamoja si mwisho wa mbabula. Mbabula nyingi zinafanya kazi miaka zikiwa na ufa, mradi tabaka la nyuma linashika vipande. Ufa unaoongezeka kila wiki, au chungu kinachotikisika ukikigusa, ndicho cha kurudishwa kwa fundi mapema, kabla kipande hakijadondoka. Mara nyingine kujaza upya mchanganyiko mwepesi nyuma ya chungu kunatosha.

Anayenunua sokoni naye ana haki ya kuuliza. Gonga chungu kwa kidole: kikilia kama kengele ndogo, ni kizima, na kikitoa sauti nzito iliyokufa, huenda kina ufa usioonekana. Tikisa mbabula usikie kama ndani kunacheza. Kisha muulize muuzaji ameweka nini kati ya udongo na tole. Akijibu kwamba hakuna kitu, au kwamba ni sima tupu, unajua sasa nini kitakachofuata, na unaweza kuzungumza bei kwa msingi huo au kwenda kwa fundi wa pili.